Ditekta Inapokudanganya Darajani: Utatuzi wa Matatizo kwa Wanaotafuta Sarafu Kandokando ya Madaraja ya Kale Yenye Paa

Wanaotafuta sarafu na mabaki ya kale kandokando ya madaraja ya mbao yenye paa huko Marekani huleta malalamiko yaleyale kila msimu. Ditekta, mashine ya kutambua metali ardhini, inapiga kelele bila sababu. Mlio ni wa fedha lakini shimoni mna msumari. Mahali pamepitwa na magari ya farasi kwa miaka mingi, lakini hapatoki hata senti. Wengi huamua kwamba mashine ni mbovu, na baadhi huiuza kwa hasara. Aghalabu mashine ni nzima. Kinachosumbua ni daraja lenyewe: chuma lilichodondosha tangu siku lilipojengwa, kifusi kilicholetwa kuinua barabara, nyaya za umeme zilizopitishwa ubavuni mwake. Ukilielewa daraja, sehemu kubwa ya matatizo utayatatua kabla hujagusa kitufe.

Paa la madaraja haya halikuwekwa kwa urembo, wala kumkinga msafiri na theluji. Liliwekwa kulinda kenchi za mbao, yaani viunzi vya ubavuni vilivyobeba uzito wote. Kenchi zikilowa na kukauka kila mara huoza ndani ya miaka kumi au ishirini, lakini zikiezekwa na kutunzwa hudumu zaidi ya karne. Daraja juu ya mto Schuylkill mjini Philadelphia, lililofunguliwa mwaka 1805, ndilo huhesabiwa kuwa la kwanza la aina hiyo nchini humo. Kisha zikaja hataza (haki za uvumbuzi) za mafundi: Theodore Burr na kenchi yake yenye tao mwaka 1817, Ithiel Town na kenchi ya mbao zilizopishana mwaka 1820, William Howe na kenchi yenye fito za chuma mwaka 1840. Majina haya yana kazi kwa mtafutaji. Kenchi ya Town ilifungwa kwa vigingi vya mbao, kwa hiyo chuma chake ni kidogo. Ya Howe ina fito, nati na washa, na kila ukarabati uliacha vipande ardhini. Uliza daraja lako ni la fundi gani, utajua kelele ya kutegemea.

Pennsylvania ndilo jimbo lenye madaraja mengi zaidi ya aina hii, na Kaunti ya Lancaster ni miongoni mwa sehemu zake tajiri zaidi. Wasemaji wa Kiswahili kutoka Kongo wamehamia Lancaster kwa wingi, na kwa hao hasa ninaandika, ingawa aliyeko Vermont, Ohio au Indiana atakuta matatizo yaleyale.

Kabla ya dalili yoyote

Simama mbali na barabara, inua koili, lile duara la chini linalotambua metali, hewani, kisha pitisha sarafu ya fedha au ya shaba mbele yake. Ikilia vizuri na namba kwenye kioo zikatulia, mashine ni nzima na tatizo liko ardhini au angani. Isipolia, angalia betri, halafu plagi ya waya wa koili, kisha rudisha mipangilio ya kiwandani. Ikikataa hata baada ya hapo, ipeleke kwa fundi wa kampuni iliyoitengeneza. Usifungue koili. Imejazwa gundi ngumu na haina kipuri cha kubadilisha ndani yake, na ukifungua kasha la mashine unaweza kupoteza dhamana.

Dalili: inapiga kelele hata nikiwa nimesimama tuli

Weka koili chini na usiitikise. Kelele ikiendelea, chanzo ni umeme. Ikinyamaza ukisimama na kurudi unapofagia, yaani kupitisha koili juu ya ardhi, chanzo ni udongo au chuma. Ikitokea waya wa koili unapoguswa tu, chanzo ni waya huo.

Umeme ndio chanzo cha kawaida, na simu mfukoni ndiyo ya kwanza kushukiwa. Izime au iweke katika hali ya ndegeni. Hedifoni zisizo na waya nazo zinaweza kuingilia, hivyo jaribu bila hizo. Halafu tazama juu: njia nyingi za madaraja haya zina nguzo za umeme, na baadhi ya madaraja yamewekewa taa na kamera kwa sababu ya wahuni wanaoyachoma moto. Tazama pia shamba la jirani. Uzio wa umeme wa ng'ombe hutoa mdundo wenye mpigo sawa, takriban kila sekunde moja. Ukishausikia mara moja hutausahau.

Dawa yake ina mpangilio. Punguza usikivu hatua kwa hatua hadi kelele ife. Kama mashine yako ina kitufe cha kutafuta chaneli tulivu, kibonyeze koili ikiwa imetulia. Badilisha masafa. Kama unatumia masafa mengi kwa pamoja, jaribu moja moja, kwa sababu mara nyingine masafa ya juu hutulia mahali ambapo ya chini yanahangaika. Mwenzako mwenye ditekta akae mbali nawe, mita kumi au zaidi. Watu wengi hawapendi kupunguza usikivu kwa kuhofia kupoteza kina. Mimi naona mashine tulivu inayosikia sentimita 15 inafaa kuliko yenye kelele inayodai kusikia 25.

Sababu ya pili ni waya uliolegea. Ukining'inia karibu na koili, kila mfagio unakuwa mlio. Uzungushe kwenye fimbo vizuri na uache nafasi kidogo tu pale koili inapojikunja. Ya tatu ni uchafu: mchanga wenye chembe za chuma ukiingia kati ya koili na kifuniko chake cha plastiki, mashine haitulii. Vua kifuniko, suuza, kausha.

Nyaya zikiwa zimekatika na kuning'inia, au zimelala majini, ondoka. Piga 911, namba ya dharura ya Marekani, na uwazuie wengine wasikaribie.

Dalili: mlio mzuri wa juu, lakini ninachimbua chuma

Hili ndilo lalamiko kuu, na ndilo linalohitaji subira kuliko mengine.

Misumari ndiyo sababu ya kwanza. Misumari ya pembe nne iliyokatwa kwa mashine ilitumika karibu karne yote ya 19, hadi ile ya waya, ya mviringo, ilipochukua nafasi yake miaka ya mwisho. Kuta na sakafu za daraja moja zilikula misumari mingi, na kila mbao zilipobadilishwa ya zamani iliangushwa palepale. Msumari ulioota kutu kwa miaka mingi, hasa uliojikunja, unaweza kutoa mlio wa juu ukipita pembeni mwake. Vipande vya bati hudanganya zaidi. Madaraja mengi yaliezekwa kwa vigae vya mbao mwanzoni, na baadaye kwa bati, na mabaki ya bati yako chini pande zote mbili. Chuma bapa na pana, kama bati, washa kubwa au kiatu cha farasi, huifanya mashine idhani imepata kitu chenye thamani.

Jaribio la kwanza halihitaji sepetu. Fagia juu ya mlio, kisha geuka robo duara na ufagie tena. Sarafu iliyolala bapa hulia pande zote mbili. Msumari hulia upande mmoja na kukatika upande mwingine. La pili: fungua kichujio, mpangilio unaonyamazisha vitu usivyovitaka, ili usikie chuma. Ukisikia mngurumo wa chini umefungamana na mlio wa juu, una chuma, au una chuma kilicho jirani na kitu kizuri. La tatu ni kutafuta kitovu. Ukibonyeza kitufe cha kuonyesha mahali halisi na kitovu kikahama kidogo kutoka pale uliposikia mlio, huenda ni chuma. La nne: inua koili taratibu hadi usawa wa goti. Mlio ukiendelea, chini kuna kitu kikubwa, na karibu na daraja kitu kikubwa ni chuma cha ujenzi.

Tatizo la pili ndani ya hili ni kinyume chake: chuma kinachoficha sarafu. Msumari ulio juu ya senti huimeza sauti yake. Hapa tumia koili ndogo, ya inchi 5 au 6, maana inaona eneo dogo kwa wakati mmoja na inaweza kutenganisha vitu vilivyo karibu. Ongeza kasi ya mashine kurudi baada ya kila mlio, fagia taratibu na kwa hatua fupi. Mahali palipojaa misumari, eneo la ukubwa wa mkeka linaweza kukuchukua saa nzima, na hiyo ni saa iliyotumika vizuri.

Neno kwa wenye uzoefu wa machimbo ya Geita au Chunya: mashine kubwa za dhahabu zinazotumia mipigo ya umeme zinavumilia udongo wenye madini, lakini uwezo wake wa kutofautisha chuma ni mdogo. Ukiileta mashine ya namna hiyo darajani utachimba misumari hadi jioni. Mashine ya kawaida ya masafa ya chini sana, au ya masafa mengi, ndiyo inayofaa hapa.

Na kuna mpaka. Kama mlio unatoka ndani ya misingi ya mawe, chini ya ncha za daraja au kwenye mbao zenyewe, usichimbe wala usichomoe. Msumari ulio katika daraja ni sehemu ya daraja. Mawe ya misingi mengi yamepangwa bila saruji, na shimo dogo huachia maji ya mafuriko njia ya kuingia.

Dalili: mlio ulikuwapo, nimechimba, sasa kimya

Angalia rundo la udongo kwanza, kwa sababu mara nyingi kitu kimekwisha kutoka. Kisha kuta za shimo, kwa kitambuzi kidogo cha mkono. Kisha chini, maana kitu chembamba kinaweza kusimama wima unapochimba na mlio ukapotea. Mwisho ni kutu: chuma kilichooza hugeuza udongo wa jirani kuwa sehemu yake, na ukiuvuruga mlio unatawanyika. Foili ya sigara hufanya vivyo hivyo.

Usizidi kina cha mkono ukifuata mlio uliopotea karibu na barabara. Mabomba ya gesi na nyaya za mawasiliano hufuata barabara hizi. Marekani ina namba 811 ya kupiga kabla ya kuchimba, huduma yake ni bure, na watakuja kuweka alama za rangi ardhini. Inachukua siku chache, basi piga mapema. Ukigusa bomba au kunusa gesi, usijaribu kurekebisha chochote. Ondoka, kisha piga 911 ukiwa mbali.

Dalili: daraja ni la kale, lakini sipati sarafu hata moja

Sababu ya kwanza ni kutafuta mahali pasipo. Mtu akiliona daraja, huanza chini ya paa au katikati ya njia. Lakini katikati hapakuwa mahali pa kusimama. Watu walisimama kwenye ncha: pale farasi alipopumzishwa kabla ya mwinuko, chini ya mti mkubwa wenye kivuli, kwenye kijia cha kushukia mtoni kuvua au kuogelea, na hasa kwenye nyumba ya ushuru kama ilikuwapo. Daraja la Cornish–Windsor, lililojengwa mwaka 1866 kati ya New Hampshire na Vermont na lenye urefu wa takriban mita 137, lilitoza ushuru hadi mwaka 1943. Kibao chake kinachojulikana kinawaonya wasafiri waende na farasi kwa mwendo wa kutembea au walipe faini ya dola 2. Palipotozwa ushuru fedha ilipita mkononi kila siku, kwa vidole vilivyokufa ganzi kwa baridi. Tafuta ramani ya zamani ya kaunti katika maktaba ya mji. Ramani nyingi za karne ya 19 zinaonyesha nyumba moja moja pamoja na majina ya wenyewe, na kinu kilichokuwa jirani.

Sababu ya pili: ardhi unayokanyaga si ile ya kale. Barabara za kuingilia ziliinuliwa kwa kokoto, zikatiwa lami, zikapanuliwa. Tabaka la zamani linaweza kuwa nusu mita chini, nje ya uwezo wa mashine ya kawaida. Dalili yake ni kwamba kila unachopata ni kipya, vishikio vya makopo ya soda na senti za zinki, hata katika kina kirefu. Hapo hakuna mpangilio wa mashine utakaokusaidia. Ondoka kwenye tuta, nenda pembeni ambako njia ya zamani ilipita kabla ya kunyooshwa. Mara nyingi inaonekana bado kama mfereji mpana, wenye miti ya umri mmoja pande zote.

Ya tatu huwashangaza wengi: daraja limehama. Madaraja ya mbao yalifunguliwa na kujengwa upya mahali pengine mara kwa mara. Daraja la Ackley lilijengwa Pennsylvania mwaka 1832, na katika miaka ya 1930 likapelekwa Michigan, kwenye makumbusho ya Greenfield Village, ambako limesimama hadi leo. Mengine yalikufa na kufufuliwa. Daraja la Bridgeton huko Parke, Indiana, lilichomwa moto mwaka 2005 na likajengwa jipya. Lile la Bartonsville huko Vermont, la mwaka 1870, lilisombwa na mafuriko ya kimbunga Irene tarehe 28 Agosti 2011, na jipya likawekwa mahali pake. Daraja likihama, sarafu hazihami nalo. Linapoonekana jipya mno, au limesimama katika bustani ya umma, uliza lilitoka wapi. Mahali pa zamani pana misingi miwili ya mawe tu inayotazamana, hapana kibao wala mtalii, na kwa mtafutaji ndipo pazuri kuliko daraja lenyewe.

Ya nne ni kichujio. Wengi hukaza kichujio ili wasisumbuliwe na takataka, kisha wanashangaa kimya. Senti tano za nikeli, kuanzia za mwaka 1866 zenye ngao hadi za nyati zilizokoma mwaka 1938, hulia chini, karibu kabisa na vishikio vya makopo. Senti za shaba ziitwazo Indian Head, zenye kichwa kilichovaa taji la manyoya la wenyeji wa asili wa Amerika, za hadi mwaka 1909, katika mashine nyingi hulia karibu na senti za zinki zilizoanza mwaka 1982. Ukikataa vishikio umekataa nikeli, na ukikataa zinki umekataa hizo senti. Darajani mimi huacha vyote vilie isipokuwa chuma, na hata chuma husikiliza kwa sauti ndogo.

Ya tano ni kwamba wengine wamekutangulia. Madaraja maarufu yamefagiwa tangu ditekta zilipoenea. Rudi baada ya mvua ya siku kadhaa, udongo ukiwa na maji hadi chini, fagia kwa mwelekeo tofauti na ule wa njia, na utumie koili ndogo. Waliotangulia walichukua milio ya wazi, wakaacha ile iliyochanganyika na misumari.

Dalili: namba kwenye kioo zinarukaruka

Mara nyingi ni vitu viwili kwa pamoja. Fupisha mfagio na usogee kidogo kidogo, na utasikia milio ikitengana. Pengine sarafu imesimama wima, na hapo namba hubadilika kadiri unavyogeuka. Senti ya zinki iliyoliwa na udongo nayo haitulii, kwa kuwa kingo zake zimekwisha. Kilicho kirefu mno huleta namba za kubahatisha, basi sikiliza mlio kuliko kutazama kioo. Mlio mdogo, laini, unaorudi mahali palepale kwa pande mbili, chimba hata kama namba zinasema kingine.

Usinunue jedwali la namba za mashine ya mtu mwingine. Fukia sarafu zako mwenyewe uani, kila moja kwa kina unachokijua: nikeli, senti ya zinki, senti ya shaba ya kabla ya mwaka 1982, na dime (sarafu ya senti kumi) ya fedha ya mwaka 1964 au kabla, ambayo ni fedha asilimia 90. Jifunze mashine yako inasemaje kwa kila moja. Kama unaweza kuazima senti kubwa ya shaba, zilizokoma mwaka 1857 na zenye upana wa takriban milimita 28, ifukie pia. Ndiyo sarafu ambayo kila mtu wa madaraja anaiota, pamoja na vipande vya fedha vya Kihispania, ambavyo vilikuwa fedha halali Marekani hadi mwaka huohuo.

Dalili: inapagawa nikifika ukingoni mwa mto

Sawazisha mashine upya na udongo wa hapo. Mchanga mkavu wa juu na ule uliolowa karibu na maji haviko sawa, na mpangilio wa shambani haufai hapa. Kama kelele haikomi, tazama mawe: palipokuwa na kinu au reli pana masalia ya makaa ya mawe yaliyoungua, mepesi na yenye matundu, nayo hulia kama chuma au kama kitu cha katikati. Okota machache, yapime hewani, ujue sauti yake.

Kabla ya kuingiza mashine majini soma kijitabu chake. Katika mashine nyingi koili inavumilia maji lakini kasha la juu halivumilii. Kitu kizito kilichosombwa hutulia nyuma ya mawe makubwa na upande wa ndani wa kona ya mto, basi anzia huko.

Usiingie mtoni mvua ikiwa imenyesha juu, hata kama kwako jua linawaka. Na pale daraja lilipo karibu na kinu, huenda kuna kizuizi kifupi cha maji kinachovuka mto. Usikikaribie, juu wala chini yake. Maji yanayoanguka pale hujirudia chini kwa chini na kumshikilia mtu, hata mwogeleaji hodari.

Dalili: nimesimamishwa na mwenye shamba, au polisi

Chanzo cha kawaida ni kudhani kwamba kwa sababu daraja ni la umma, ardhi yake ni ya kuchimba. Daraja linaweza kuwa la mji, la kaunti au la jimbo, na ukanda wa barabara ni wa idara ya barabara. Shamba linaloanza hatua chache pembeni ni la mtu, na kitanda cha mto mkubwa unaopitika kwa vyombo mara nyingi ni cha jimbo. Mahali pamoja panaweza kuwa na wenyewe wanne. Ramani za viwanja za kaunti nyingi ziko kwenye intaneti. Anza hapo, kisha nenda ofisi ya mji uulize ana kwa ana. Kwa mwenye shamba, bisha hodi mchana, jitambulishe, mweleze utafukia kila shimo na utamwonyesha kila utakachopata, na umwombe ruhusa ya maandishi. Wazee wa mashambani wa Pennsylvania na Vermont wanapenda kusimulia habari za daraja lao. Kaa usikilize, kwa maana wao ndio wanaojua njia ya zamani ilipita wapi.

Ardhi ya serikali ya shirikisho ni jambo jingine kabisa. Sheria ya mwaka 1979 ya kulinda mali za kiakiolojia inakataza kuchimba na kuchukua vitu vya zaidi ya miaka 100 kutoka ardhi hiyo bila kibali, na adhabu yake inafika kifungo. Katika hifadhi za taifa hata kuwa na ditekta tayari kwa kutumika ni kosa. Daraja la Sachs karibu na Gettysburg lilivukwa na majeshi ya pande zote mbili za Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani mwezi Julai 1863, na sehemu kubwa ya uwanja ule wa vita ni ya serikali ya shirikisho. Usitoe mashine garini huko. Kwa aliye katikati ya maombi ya ukaazi au uraia, kesi ya namna hii ni mzigo mzito kupita sarafu yoyote. Ukisimamishwa, weka chini sepetu, onyesha ruhusa yako, usibishane. Ukipewa hati ya mashtaka, tafuta wakili kabla ya kusema zaidi.

Dalili: nimefukua kitu nisichokielewa

Mfupa unaoweza kuwa wa binadamu: acha palepale, usifukie wala usihamishe, piga simu polisi. Silaha inayoonekana ya karibuni: vivyo hivyo.

Chuma cha mviringo au chenye umbo la risasi kubwa, kizito kupita ukubwa wake, katika maeneo yaliyopiganiwa wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe: rudi nyuma na upige 911. Philippi huko West Virginia, ambako daraja la mwaka 1852 lilivukwa na wanajeshi katika mapigano ya tarehe 3 Juni 1861, ni mfano wa mahali pa kukumbuka hili. Baruti nyeusi haiishi nguvu kwa kuzeeka. Mwaka 2008 mkusanyaji mmoja mwenye uzoefu huko Virginia aliuawa na kombora la vita vile alipokuwa akilisafisha nyumbani kwake. Usilibebe garini, usiligonge, usilisugue.

Vifaa vya mawe, vigae vya chungu na majivu vikitokea pamoja katika tabaka moja: simamisha kazi na uwaarifu mwenye ardhi na ofisi ya jimbo ya uhifadhi wa historia. Mpangilio wa vitu ardhini ndio unaosimulia habari, na ukishauvuruga haurudi.

Jingine halitoki shimoni, lakini hutoka kichakani: kupe. Pennsylvania na majimbo ya New England yana ugonjwa wa Lyme kwa wingi. Ingiza suruali ndani ya soksi, jikague jioni, na ukiona wekundu unaopanuka kwenye ngozi au ukapata homa baada ya kuumwa, nenda kwa daktari usisubiri.

Dalili: sarafu ilitoka nzuri, sasa imeharibika

Kusugua ndiyo sababu ya kwanza. Udongo una chembe za mchanga, na kidole gumba kikipita mara moja shimoni kinaacha mikwaruzo isiyofutika. Itie kwenye kikopo chenye pamba, nenda nayo nyumbani ikiwa na udongo wake. Fedha ioshe kwa maji yaliyotoneshwa (yaliyotokana na mvuke, yasiyo na madini), bila dawa ya meno wala magadi. Shaba ni ngumu zaidi. Lile tabaka la kijani mara nyingi ndilo lililobeba picha yote, na ukilitoa umebaki na bamba tupu. Iache ikauke, kisha ondoa udongo kidogo kidogo kwa kijiti cha mti chini ya lenzi. Ukiona namba za mwaka zinaanza kung'oka pamoja na udongo, acha hapohapo.

Sababu ya pili ni sepetu. Kata udongo kwa upana, mbali na kitovu, upindue kipande kizima na majani yake kisha utafute ndani yake. Ndivyo unavyorudisha nyasi pia bila kuacha kovu.

Vitu vya chuma vina ugonjwa wao. Kiatu cha farasi au bizimu ya hatamu hutoka imara, na baada ya wiki chache inaanza kumenyuka maganda. Sababu ni chumvi zilizomo ndani ya kutu, zinazoamka kitu kinapokauka. Kilichotoka majini kiweke majini hadi utakapokuwa tayari kukishughulikia. Kwa cha kawaida, brashi ngumu, kukausha kabisa na kupaka nta kunatosha. Wengine huondoa kutu kwa umeme wa betri katika maji yenye magadi ya kufulia. Njia hiyo inafanya kazi, lakini upande wa pili wa umeme kamwe usiweke chuma cha pua, kwa sababu hutoa sumu ya kromu ndani ya maji, na mvuke unaopanda ni hidrojeni inayoshika moto, hivyo fanya kazi nje. Kitu chenye maandishi, chenye mbao au ngozi iliyoshikamana na chuma, au chembamba kiasi cha kupinda mkononi, usikiguse kwa umeme wala brashi. Kifunge kikiwa na unyevu wake na umpelekee mhifadhi wa makumbusho.